Z: Neno "ajali" na guta la Thessaloniki

Wadau, kuna filamu moja ambayo nimeiangalia mara nne sasa, na kila nikiimaliza nabaki nimekaa tu, kompyuta imezima yenyewe, mimi bado nimeikodolea macho. Mara ya kwanza nilikuwa mwaka wa pili chuo. Jamaa mmoja wa bwenini alikuja nayo kwenye flashi, faili limeandikwa herufi moja tu: Z. Tukadhani ni mambo ya mazombi. Kuiwasha, kumbe ni Wafaransa wanaongea haraka kama watangazaji wa mpira, maandishi ya tafsiri yanakimbia chini, na mwanzo wake ni mhadhara kuhusu ukungu unaoshambulia mizabibu. Watu wa Dodoma wangefurahi. Wenzangu wawili wakalala palepale.

Mimi nilibaki kwa sababu ya jenerali. Mtaalamu wa kilimo akishamaliza kueleza namna ya kunyunyizia dawa, anasimama jenerali wa jandameri, yaani polisi wa muundo wa kijeshi, anawaambia maofisa waliokaa mbele yake kwamba ukungu hauko kwenye mizabibu peke yake. Upo pia kwenye vichwa vya watu, na tiba yake ni ileile: kunyunyizia mapema. Anasema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi.

Halafu yanatokea maandishi. Si unajua kawaida ya filamu, mwishoni wanakwambia kwamba kufanana kokote na watu walio hai au waliokufa ni bahati tu? Hii imefanya kinyume. Inasema mwanzoni kabisa kwamba kufanana huko ni kwa makusudi, na chini yake wameweka majina yao: Costa-Gavras, aliyeiongoza, na Jorge Semprún, aliyeandika mazungumzo yake. Filamu nzima haitaji nchi wala mji. Lakini mwaka 1969 ilipotoka, kila aliyekuwa anasoma magazeti Ulaya alijua ni Ugiriki, na alijua ni maiti ya nani.

Maiti ni ya Grigoris Lambrakis.

Huyu bwana alizaliwa mwaka 1912 katika kijiji cha Kerasitsa, mkoa wa Arcadia, kusini mwa Ugiriki. Alikuwa mwanariadha kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Rekodi yake ya taifa ya kuruka umbali ilidumu miaka 23, kuanzia 1936 hadi 1959. Akawa daktari wa magonjwa ya wanawake, akafundisha Chuo Kikuu cha Athens, akawa na zahanati ambamo maskini walitibiwa bure. Mwaka 1961 akachaguliwa mbunge wa Piraeus kwa tiketi ya EDA, chama cha mrengo wa kushoto. Chama cha Kikomunisti chenyewe kilikuwa kimepigwa marufuku tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1940, kwa hiyo mtu yeyote aliyekuwa EDA alihesabiwa kuwa mkomunisti aliyevaa koti la kuazima. Lambrakis hakuwa mwanachama wa Wakomunisti. Kosa lake lilikuwa amani. Alikuwa anapinga mabomu ya nyuklia, na Ugiriki ilikuwa ndani ya NATO.

Tarehe 21 Aprili 1963 palipangwa maandamano ya amani kutoka Marathon hadi Athens. Polisi wakayazuia, wakakamata watu kwa mamia. Lambrakis alikuwa na kinga ya ubunge, basi akatembea peke yake. Kuna picha yake maarufu, ameshika bango limeandikwa jina la nchi yake kwa Kigiriki, HELLAS, anatembea barabarani hana mtu mbele wala nyuma. Nayeye wakamkamata kabla hajafika. Ikumbukeni hiyo tarehe.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 22 Mei, alikwenda Thessaloniki, mji wa pili kwa ukubwa, kuhutubia mkutano wa amani. Ukumbi uliopangwa ulibadilishwa dakika za mwisho, wakahamia mahali karibu na kona ya mitaa ya Ermou na Venizelou. Nje palijaa kundi la watu wanaorusha mawe na kutukana, na palijaa pia askari wa jandameri, ambao waliwaangalia hao wanaorusha mawe kama unavyoangalia mvua ikinyesha. Mbunge mwingine wa EDA, Georgios Tsarouchas, alipigwa vibaya usiku huohuo. Lambrakis alimaliza hotuba, akatoka, akawa anavuka barabara. Ndipo likaja guta.

Naliita guta kwa sababu ndilo neno letu: pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda cha mizigo nyuma. Dereva alikuwa Spyros Gotzamanis. Kwenye kitanda alisimama Emmanouil Emmanouilidis, ana rungu. Guta lilipita kasi, rungu likashuka kichwani, Lambrakis akaanguka. Hakuzinduka tena. Alikufa hospitalini tarehe 27 Mei.

Tamko la kwanza la wakubwa wa jandameri lilisema ni ajali ya barabarani.

Na hapa ndipo penye filamu yote. Unaweza kuiita filamu ya siasa, filamu ya njama, filamu ya upelelezi, sikatai. Kwangu mimi ni filamu kuhusu watu wanaogombania neno moja. Upande mmoja unataka liandikwe "ajali", au ukishindikana kabisa "tukio". Upande mwingine unataka liandikwe "mauaji". Kila anayeingia katika ile ofisi ya mahakama anakuja na neno lake mfukoni, na karani wa kuchapa anasubiri vidole vikiwa juu ya mashine.

Aliyekaa nyuma ya meza ni hakimu mpelelezi. Kwetu kitu hiki hakipo, kwa hiyo nieleze kidogo. Katika mfumo wa Ugiriki, kama wa Ufaransa, kesi kubwa ya jinai hupewa hakimu ambaye anapeleleza yeye mwenyewe: anaita mashahidi, anachukua maelezo, anafungua au hafungui mashtaka. Polisi wanamsaidia. Sasa fikiria polisi hao ndio wanaotuhumiwa. Jina lake halisi ni Christos Sartzetakis. Alikuwa na miaka 34, mzaliwa wa Thessaloniki hapohapo, na baba yake alikuwa ofisa wa jandameri. Yaani walimwona ni mtoto wa nyumbani. Kwenye filamu jenerali anamkumbusha habari za baba yake, kwa upole, kama mjomba. Jean-Louis Trintignant anamcheza akiwa amevaa miwani myeusi kidogo, hacheki, hapandishi sauti, hasemi yuko upande gani. Kwa muda mrefu yeye mwenyewe anawasahihisha mashahidi: usiseme mauaji, sema tukio. Ni mtu wa taratibu. Halafu siku moja neno "mauaji" linamtoka mdomoni mwake mwenyewe, katikati ya sentensi, na wote chumbani wanalisikia. Hakuna muziki wala kelele, ni neno tu.

Nilichokipenda zaidi, na nasema hivi kama mtu anayekula kwa kuandika habari, ni kwamba ukweli ule haukupatikana kwa ujasusi wa ajabu. Ulipatikana kwa kazi za kuchosha. Kwanza bahati: mtu mmoja, Manolis Hatziapostolou, alilirukia guta lile lilipokuwa linakimbia, akapigana na mwenye rungu juu ya kitanda cha mizigo hadi likasimama. Bila yeye dereva angepotelea gizani na tungebaki na "gari lisilojulikana". Pili madaktari: kidonda cha kichwa hakikulingana na mtu aliyegongwa na kuanguka, kililingana na mtu aliyepigwa na kitu kizito kutoka juu. Tatu fundi mmoja wa samani, mtu wa kupiga vanishi, aliyejitokeza kusema kwamba dereva alikuwa amemwambia mapema siku ile kuwa jioni ana kazi ya kufanya, ya kuua mtu. Fundi huyo akiwa njiani kwenda kutoa ushahidi naye akapigwa, na wakubwa wakasema ameanguka mwenyewe. Kwenye filamu wamemfanya fundi wa majeneza, na sehemu ya hospitali ambako kila mtu anajaribu kumshawishi kwamba ameteleza inachekesha mpaka inaacha kuchekesha. Hata dada yake mwenyewe anamwambia aseme ameteleza.

Na nne, hii ndiyo siwezi kuisahau, ni maneno. Kwenye filamu maofisa wanakuja mmoja mmoja kueleza walichokiona, na wanapomweleza yule mtu aliyelirukia guta, wanatumia mfano uleule wa mnyama, kwa maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Na muuaji naye hivyohivyo. Hakimu hasemi kitu. Anachukua karatasi, analinganisha. Watu wanne hawawezi kuwa washairi wa aina moja usiku mmoja. Mtu aliyewahi kupewa taarifa kwa vyombo vya habari na ofisi tatu tofauti, zikiwa na kosa lilelile la tahajia, ataelewa nilivyocheka.

Waandishi nao walikuwepo. Kijana mpiga picha wa kwenye filamu, anayechezwa na Jacques Perrin, ni mchanganyiko wa waandishi wa kweli waliokwenda Thessaloniki na kuanza kuchimba: Giorgos Bertsos, Giorgos Romaios, Yannis Voultepsis. Walitafuta mashahidi, walifuata nyayo za vikundi vya mrengo mkali wa kulia vilivyokuwa vinalelewa na jandameri, likiwemo kundi la Xenophon Giosmas, mtu aliyeshirikiana na Wanazi wakati wa vita. Wagiriki wana neno lao kwa mambo haya, parakratos, yaani dola inayotembea pembeni ya dola. Haina ofisi wala barua yenye nembo, lakini ukiwa na leseni ya kuuza sokoni au ya kuendesha guta, unaijua, maana ndiyo inayokuongezea muda wa leseni. Filamu haimchori Gotzamanis kama shetani. Inamchora kama maskini anayejua nani ana muhuri.

Sitajifanya mtazamaji safi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa habari za polisi. Asubuhi unapiga simu, unapewa matukio ya usiku, unaandika. Siku moja nikapewa kijana aliyekufa kwa ajali ya pikipiki, nikaandika aya nne, zikatoka ukurasa wa ndani. Baada ya siku mbili akaja mama mmoja mapokezi, anamtafuta aliyeandika. Nikashuka. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ulikuwepo?" Nikasema hapana, mama, nimepewa na polisi. Akatoa nakala ya PF3 iliyokunjwa mara nyingi, akanionyesha majeraha yalipoandikwa, akasema yeye hajui mambo ya magazeti ila hajaona lami inayompiga mtu kisogoni mara tatu. Nikamwambia nitafuatilia. Nitarudi kwenye hilo.

Huko Ugiriki, mazishi ya Lambrakis yalifanyika Athens tarehe 28 Mei, watu laki kadhaa mitaani, na herufi Z ikaanza kuonekana kwenye kuta. Zei kwa Kigiriki maana yake "anaishi". Mwezi Juni waziri mkuu Konstantinos Karamanlis akajiuzulu baada ya kugongana na ikulu ya mfalme, na Novemba chama chake kikashindwa uchaguzi. Vijana wakaanzisha jumuiya kwa jina la marehemu, rais wake akiwa mtunzi wa muziki Mikis Theodorakis. Na Sartzetakis, licha ya shinikizo kutoka juu, akawafungulia mashtaka maofisa wa jandameri wenye vyeo vikubwa. Miongoni mwa wanaotajwa kumshinikiza ni Konstantinos Kollias, mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Juu. Hilo jina nalo likumbukeni.

Filamu inaionyesha siku ya mashtaka kama vichekesho. Mmoja baada ya mwingine wanaingia na nishani zao kifuani, wanaulizwa jina, jina la baba, kazi, kama vibaka. Wakitoka, kila mmoja anajaribu mlango usio wenyewe ili awakwepe wapiga picha, na mlango umefungwa. Mwandishi anamuuliza jenerali kama anajiona ameonewa kama Dreyfus, yule ofisa Myahudi wa Ufaransa aliyefungwa bila kosa. Jenerali anajibu kwamba Dreyfus alikuwa na hatia.

Ukumbini watu hushangilia hapo. Wenzangu wa bwenini, waliokuwa wameamka, walishangilia. Na Costa-Gavras, mjanja, anawaacha mshangilie kwanza.

Kwa sababu kesi halisi iliisha Desemba 1966 hivi: Gotzamanis miaka 11, Emmanouilidis miaka 8 na ushee. Maofisa wote wakaachiwa huru. Miezi minne baadaye, tarehe 21 Aprili 1967, miaka minne kamili tangu Lambrakis atembee peke yake kutoka Marathon, makanali wa jeshi wakapindua serikali. Waziri mkuu wa kwanza wa utawala wao aliitwa Konstantinos Kollias. Ndiye huyohuyo.

Sartzetakis alifukuzwa kazi ya uhakimu mwaka 1968, baadaye akakamatwa na kufungwa. Tsarouchas, yule mbunge aliyepigwa usiku ule, alifia mikononi mwa watesaji wa utawala huo Mei 1968. Theodorakis alikuwa kizuizini katika kijiji cha milimani, Zatouna, wakati muziki wake unawekwa kwenye filamu. Alituma ruhusa watumie nyimbo zake wapendavyo.

Kitabu kilikuwa tayari. Vassilis Vassilikos alikichapisha mwaka 1966 kama riwaya, kwa jina hilohilo la Z, na Costa-Gavras, Mgiriki aliyehamia Paris akiwa kijana, alikipata mwaka 1967 alipokwenda kwao. Semprún alikuwa Mhispania aliyepitia kambi ya Buchenwald na kisha kazi za siri dhidi ya Franco, kwa hiyo mambo ya polisi hakuhitaji kuambiwa. Tatizo lilikuwa fedha. Matajiri wa filamu wa Paris waliona hakuna mapenzi ndani yake, na shujaa anakufa mapema. Perrin, yule mwigizaji wa mpiga picha, akageuka mtayarishaji. Ugiriki haikuwezekana, basi wakahamia Algeria, iliyokuwa na uhuru wa miaka sita tu, na mitaa ya Algiers ikawa Thessaloniki. Kwa hiyo Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni waliyoipata mwaka 1970 ilikwenda kwa Algeria. Watu wengi hawajui kwamba ni tuzo ya Afrika. Ugiriki penyewe iliruhusiwa kuonyeshwa baada tu ya makanali kuanguka mwaka 1974.

Kama kuna kitu naidai filamu hii, ni mjane. Irene Papas anapewa macho na ukimya, anatembea na chupa ya manukato ya mumewe, basi. Wanaume wanaongea saa mbili nzima na yeye hata hakimu hamuulizi kitu cha maana. Labda ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilitaka nimsikie.

Mwisho wake mnaujua au mtauona. Yule mwandishi anasoma kwenye televisheni yaliyowapata mashahidi na watuhumiwa. Katikati, sura yake inatoweka na sauti ya mwanamke inaendelea: mwandishi amehukumiwa miaka mitatu kwa kutoa nyaraka za serikali. Kisha orodha ya vilivyopigwa marufuku na makanali, Tolstoy, Sophocles, hesabu za kisasa, nywele ndefu, uhuru wa magazeti, na mwisho kabisa herufi Z.

Sartzetakis aliishi kuona mengine. Machi 1985 bunge lilimchagua kuwa Rais wa Ugiriki kwa kura 180, idadi ileile iliyohitajika, kura moja ikiwa na mgogoro. Alichukua kiti kilichokuwa cha Karamanlis, yule waziri mkuu wa mwaka 1963, na mwaka 1990 akampisha Karamanlis huyohuyo arudi. Alifariki Februari 2022. Mwaka huohuo wakafariki pia Perrin, Trintignant na Papas, na Perrin alifariki tarehe 21 Aprili.

Yule mama hakurudi tena ofisini. Nilimpigia simu mara mbili wiki ile, mara ya kwanza haikupokelewa, ya pili ilipokelewa na mtoto. Mhariri aliniuliza nina nini zaidi ya PF3, nikasema sina, akasema basi tusubiri. Nakala ile bado ninayo ndani ya daftari la mwaka ule, na habari yangu bado iko mtandaoni, ukitafuta jina la kijana unaipata ya kwanza. Aya ya kwanza, mstari wa kwanza, neno la tano: ajali. Jumatatu nitampigia tena.